Nani Yumo Kiwandani? Vitabu kwa Mpenda Chokoleti

Hadithi, hadithi! Sogeeni wajukuu zangu, kaeni kwenye mkeka, na mwenye karanga mkononi azimalize kwanza, maana leo nimeleta vitabu na sitaki maganda yaingie katikati ya kurasa.

Hapa Ihanja, Singida, utamu hatujaukosa. Tuna asali, tena asali ya Singida ambayo abiria wa mabasi huinunua kwa chupa na kuipeleka mpaka Dar es Salaam. Tuna ubuyu, tuna kashata, tuna miwa siku za mnada. Chokoleti ndiyo mgeni. Inakuja ndani ya karatasi inayong'aa, na mwezi wa kumi, jua likiwa kali na mvua bado haijashuka, ukiifungua unaikuta imelegea na kugandia karatasi. Si kwamba imeharibika. Mafuta ya kakao yaliyomo ndani yake huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, pungufu kidogo tu ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana asubuhi dukani ni ngumu, na ukiiweka ulimini inatoweka kabla hujaitafuna.

Basi mtoto wa huku anayependa chokoleti anaionja kwa nadra. Kusoma habari zake, hata hivyo, anaweza kila jioni. Vitabu hivi nimevichagua kwa swali moja, na nataka mlibebe tangu cha kwanza hadi cha mwisho: nani ameifanyia kazi chokoleti hii kabla haijafika mdomoni mwangu? Vimeandikwa kwa Kiingereza. Msiogope. Aliye kidato cha pili asome ukurasa kwa sauti, kisha auhadithie kwa Kiswahili au Kinyaturu kwa walio darasa la nne na la tano. Hadithi zimesafiri hivyo siku zote.

Cha kwanza kinaitwa Charlie and the Chocolate Factory. Kilitoka mwaka 1964, na mwandishi wake ni Roald Dahl. Shikeni jina hilo, tutakutana nalo tena mahali msipopategemea.

Charlie Bucket ni mtoto wa nyumba maskini. Nyumba yao ni ya mbao, ndogo, na wanaishi humo watu saba: yeye, baba, mama, na babu na bibi wa pande zote mbili. Wazee hao wanne wanalala kitanda kimoja, wawili kichwani na wawili miguuni. Baba ana kazi kwenye kiwanda cha dawa ya meno, na kazi yenyewe ni kufunga vifuniko vya dawa, kutwa nzima. Chakula ni kabichi na supu ya kabichi. Mara moja tu kwa mwaka, siku aliyozaliwa, Charlie anapewa chokoleti moja.

Angalieni anavyoila, kwa sababu hapo ndipo mwandishi alipoonyesha ufundi wake. Anaiweka kwanza kwenye kisanduku cha mbao. Siku kadhaa anaitazama tu, haigusi. Baadaye anabandua karatasi kidogo pembeni, anamega kipande kidogo cha kutosha kuacha utamu ulimini, anafunga. Kesho yake tena. Chokoleti moja inamchukua zaidi ya mwezi. Mtoto mwenye nacho hawezi kusoma ukurasa ule kama mtakavyousoma ninyi.

Karibu na nyumba yao kuna kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, cha bwana anayeitwa Willy Wonka. Harufu ya chokoleti inamfikia Charlie kila siku akienda shule na tumbo tupu. Zamani kiwanda kile kilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, lakini wenye viwanda vingine wakapenyeza wapelelezi kuiba siri za mapishi. Wonka akakasirika, akawarudisha watu wote nyumbani, akafunga geti. Miaka ikapita. Siku moja moshi ukaonekana tena kwenye bomba, na chokoleti zikaanza tena kutoka. Lakini hakuna anayeingia na hakuna anayetoka. Usiku vivuli vinaonekana madirishani.

Nani yumo kiwandani? Babu yake Charlie hajui. Mji mzima haujui. Swali hilo tuliache lining'inie kidogo.

Wonka anaficha tiketi tano za dhahabu ndani ya karatasi za chokoleti, na watoto watano watakaozipata wataruhusiwa kuingia. Mnaweza kubahatisha kwamba Charlie ataipata ya mwisho. Ila hamtabahatisha yatakayowapata wale wanne wengine: mlafi, mtafuna bazoka, mtoto aliyedekezwa na mtoto wa televisheni. Mambo ya humo ndani siwasimulii. Kuna mto wa chokoleti, na kuna mtu anaingia ndani yake. Basi.

Ila kuna hadithi fupi mwanzoni mwa kitabu ambayo siwezi kuiruka nikiwa hapa Ihanja. Mwana wa mfalme mmoja wa India anamwagiza Wonka amjengee kasri la chokoleti tupu: matofali ya chokoleti, saruji ya chokoleti, kuta, dari, mazulia, vitanda, na bombani inatoka chokoleti ya moto. Wonka anamwambia alile mapema, halitadumu. Mwenyewe anakataa, anasema ataishi humo. Likaja jua kali. Alikuwa amesinzia sebuleni, akaamka anaogelea kwenye ziwa zito la kahawia. Watoto wa nchi za baridi wakisoma hapo wanacheka kwa sababu ni ajabu. Ninyi mtacheka kwa sababu mnalijua jua.

Sasa huyu Dahl aliyatoa wapi haya? Kitabu cha pili ndicho jibu. Kinaitwa Boy, cha mwaka 1984, nacho ni kumbukumbu za utoto wake. Alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa wametoka Norway. Akapelekwa shule ya bweni huko Uingereza iitwayo Repton, shule ya viboko, na viboko hivyo anavieleza kwa uchungu ambao miaka hamsini haikuupunguza. Lakini mara kwa mara kulikuwa na siku njema. Kiwanda cha Cadbury kilikuwa kinapeleka masanduku ya karatasi pale shuleni, kila mvulana sanduku lake. Ndani mna chokoleti kumi na mbili, kila moja na umbo lake na kilichojazwa ndani yake, na namba imechapwa chini, kuanzia 1 hadi 12. Kumi na moja ni mpya, bado hazijauzwa popote. Moja ni ile ya kawaida inayojulikana na wote, imewekwa ili kupima kama mwonjaji yuko makini. Pamoja nazo kuna karatasi: hapa andika alama, kuanzia 0 hadi 10, hapa andika sababu.

Fikirini kazi hiyo! Wavulana wanaonja taratibu, wanaandika maoni kama wataalamu. Dahl anasema pale ndipo alipotambua kwamba kuna watu wazima ambao kazi yao ni kukaa kwenye chumba chenye masufuria yanayochemka, wakibuni chokoleti. Akawa anaota kwamba siku moja naye atabuni moja itakayomshangaza Bwana Cadbury mwenyewe. Alipokuja kutafuta hadithi ya kuwaandikia watoto, zaidi ya miaka thelathini baadaye, alivikumbuka vile visanduku. Kitabu maarufu kuliko vyote vya chokoleti kimetokana na mtoto aliyeulizwa maoni yake na akayachukulia kwa uzito.

Na alipomaliza shule alikwenda wapi? Hapa ndipo nilipowaambia mlishike jina. Aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akaletwa Dar es Salaam, Tanganyika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Akajifunza Kiswahili. Akawa anaendesha gari la kampuni barabara za vumbi akiwatembelea wateja wenye mashamba ya mkonge na pamba na wenye migodi. Kitabu chake cha tatu kwenye orodha yetu, Going Solo, cha mwaka 1986, kinaeleza maisha hayo. Chokoleti hakina, lakini mpenda Charlie asikiache.

Kuna sura ya koboko, yule nyoka mweusi anayeua. Dahl yuko nyumbani Dar es Salaam, anamwona koboko akimjongelea kwa nyuma mfanyakazi wa bustani aitwaye Salimu, ambaye hana habari. Anapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kisingefaa kitu. Salimu anageuka na reki mkononi, anasubiri bila kutikisika, na nyoka alipomfikia anampiga pigo moja la mgongo. Kuna sura ya simba anayembeba mke wa mpishi mdomoni na baadaye kumwacha hana hata mkwaruzo. Mnaweza kuamini au msiamini. Msimulizi mzuri mara nyingine huongeza chumvi, na Dahl chumvi hakuinyima. Kuna pia kijana Mdisho anayemtumikia, ambaye kitabu kinasema ni Mnyamwezi, yaani jirani yetu wa upande wa Tabora. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939, Dahl akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na hapo habari za Tanganyika zinaisha.

Msome kitabu hicho macho yakiwa wazi. Ni kijana wa kikoloni anayeandika. Wanaume wazima wenye wake na watoto wanaitwa boi. Watu wa nchi hii wanaonekana zaidi wanapomhudumia yeye. Dahl anawapenda, hilo linaonekana, lakini kumpenda mtu na kumwona amekamilika kama wewe ni mambo mawili.

Ninasema hivi kwa sababu sasa tunarudi kwenye lile swali tulilolining'iniza. Nani yumo kiwandani kwa Wonka? Watoto watano wanapoingia wanawakuta: watu wadogo, hawafiki gotini, wanaitwa Oompa-Loompa. Ndio wanaofanya kazi zote. Katika toleo la kwanza, la mwaka 1964, Dahl aliandika kwamba ni watu weusi, wafupi, ambao Wonka aliwakuta ndani kabisa ya msitu wa Afrika wakila viwavi. Akawapakia wote kwenye makasha yenye matundu ya kupumulia, akawasafirisha kwa siri. Na mshahara wao ni mbegu za kakao.

Mtu aliyeishi Dar es Salaam, akazungumza Kiswahili na Mdisho na Salimu, akaandika hivyo. Mimi jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kuwaficha. Wamarekani weusi nao liliwauma. Chama chao cha kutetea haki, NAACP, kilipaza sauti wakati sinema ya kitabu hicho ilipokuwa inaandaliwa. Sinema ikatoka mwaka 1971 na watu wenye ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani. Mwaka 1973 Dahl akakiandika upya kitabu chenyewe: Oompa-Loompa wakawa weupe, nywele za dhahabu, na nchi yao ya kubuni, Loompaland. Nakala mtakayoipata leo ni hiyo iliyorekebishwa.

Lakini someni vizuri. Rangi ilibadilika, kazi haikubadilika. Bado wanalipwa kakao. Bado hawatoki getini. Bado Wonka anawajaribishia pipi mpya, na mmoja alikunywa kinywaji cha kupaisha, akapaa akapotea angani moja kwa moja. Kitabu kinalisema hilo kama mchezo. Mimi napenda Charlie, nimekisoma mara nyingi na nitawasomea tena, na kila nikifika hapo nasimama niwaulize watoto: Oompa-Loompa angeandika kitabu hiki, angekiandikaje?

Kabla hatujaenda mbali, kuna kimoja chepesi kwa wadogo. The Chocolate Touch cha Patrick Skene Catling, cha mwaka 1952. Mvulana aitwaye John Midas anapenda chokoleti kupita kiasi, ananunua moja kwenye duka la ajabu, na kuanzia hapo kila kinachogusa midomo yake kinageuka chokoleti: chakula, maji, kalamu. Mwanzoni ni furaha. Kisha kiu inambana na maji hayapo. Kisha anambusu mama yake. Kinasomeka siku moja, na wadogo wakifika kwa mama huyo hawatawaacha mlale mpaka kiishe.

Twende mtini. Kakao haitoki kiwandani, inatoka shambani, na kitabu kinachoeleza hilo vizuri kwa watoto ni No Monkeys, No Chocolate cha Melissa Stewart na Allen Young, cha mwaka 2013. Kina picha nzuri. Kinaanza na chokoleti, halafu kinarudi nyuma hatua kwa hatua: hakuna chokoleti bila mbegu, hakuna mbegu bila tunda, hakuna tunda bila ua, na ua haliwi tunda bila mdudu. Mti wa kakao una tabia ambayo mkiiona mtashangaa. Maua yake madogo, meupe yenye wekundu kidogo, hayaoti kwenye matawi ya juu tu, yanachomoza kwenye shina lenyewe, kwenye gome. Ua ni dogo na limejikunja hivi kwamba nyuki wetu hawezi kulihudumia. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyozaliwa kwenye majani yanayooza chini ya mti. Mkulima mwenye bidii akifagia shamba likang'aa kama uwanja wa nyumbani, vijidudu vinakosa pa kuzalia na maua yanapukutika bure. Ninyi mnaojua kwamba alizeti ya jirani wa mizinga ya nyuki hujaza vizuri, mtalielewa jambo hili kumpita profesa.

Tunda likikomaa ni kubwa kama embe dodo, la manjano au jekundu, lina mistari. Ukilipasua unakuta mbegu thelathini hadi hamsini zimefunikwa na nyama nyeupe, tamu yenye ukakasi wa chungwa. Mbegu mbichi ni chungu. Zinafunikwa kwa majani ya migomba au kuwekwa kwenye masanduku ya mbao, zichachuke kwa siku tano hadi saba, halafu zianikwe juani. Kwenye kule kuchachuka ndiko ladha ya chokoleti inakozaliwa. Mkulima akiharakisha hapo, hakuna kiwanda Ulaya kitakachoirekebisha. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupika chokoleti ni mkulima, hata kama jina lake haliandikwi kwenye karatasi.

Na hilo linatuleta kwenye kitabu ambacho, kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningekichagua hicho. The Bitter Side of Sweet, cha Tara Sullivan, mwaka 2016. Ni cha walio sekondari, na msomaji wa darasa la saba aliye imara anaweza. Mwandishi huyu ndiye aliyeandika pia Golden Boy, mwaka 2013, habari za mvulana mwenye ualbino anayekimbia kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kuokoa maisha yake. Kwa hiyo nchi yetu ameitembelea kwa kalamu.

Amadou ana miaka kumi na mitano. Mdogo wake Seydou ana miaka minane. Wametoka Mali, nchi kavu kama yetu, mwaka mvua ilipokataa, wakidhani wanakwenda kufanya kazi msimu mmoja warudi na pesa. Wakajikuta kwenye shamba la kakao Ivory Coast, msituni, na kurudi hakuna. Usiku wanafungiwa kwenye banda. Mchana wanakata matunda kwa panga. Amadou anahesabu. Anahesabu matunda aliyokata, anahesabu ya mdogo wake, kwa sababu wasipofikisha idadi wanapigwa, na Seydou ni mdogo, hawezi kufikisha. Basi kaka anakata ya kwake na kumwongezea mdogo wake kimyakimya. Kitu kimoja ambacho hakihesabu ni siku walizokaa pale, kwa kuwa aliona akizihesabu atakata tamaa. Kisha analetwa msichana, Khadija, msichana wa kwanza kuletwa shambani hapo, naye hakubali hata saa moja. Anakimbia, anakamatwa, anakimbia tena. Seydou anaumia vibaya kwa panga. Hapo Amadou anaacha kuhesabu matunda na kuanza kufikiri njia.

Watoto hao hawajui kakao inafanywa nini. Hawajawahi kuiona chokoleti. Kuna mahali katika kitabu ambapo wanaionja kwa mara ya kwanza, na sitawaambia wanasemaje. Nendeni mpaka hapo wenyewe, mkiwa mmetembea nao kurasa zote za kabla yake, ndipo mtajua kwa nini nimewapeleka kwanza kwa Charlie. Charlie naye aliionja kwa kumega. Njaa yake na njaa ya Amadou ziko pande mbili za karatasi ileile inayong'aa.

Majina ni ya kubuni, mambo si ya kubuni. Ivory Coast na Ghana ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, na kazi ya watoto kwenye mashamba hayo imeandikwa na waandishi wa habari na kuchunguzwa na serikali kwa miaka zaidi ya ishirini. Wengi ni watoto wanaofanya kazi kwenye mashamba ya wazazi wao wenyewe, wakiacha shule. Wachache wako kama Amadou. Kila mtoto anayeamka alfajiri kuchunga ng'ombe au kupalilia ajue tofauti: kumsaidia mama shambani kisha uende shule si sawa na kufungiwa bandani.

Kwa wakubwa wenu, walimu na walio kidato cha nne na kuendelea, kuna Chocolate Islands cha Catherine Higgs, cha mwaka 2012. Mnakumbuka visanduku vya Cadbury vilivyomfikia Dahl? Miaka ishirini na kitu kabla yake, kampuni hiyohiyo ilikuwa inanunua kakao visiwa vya São Tomé na Príncipe, magharibi ya Afrika, chini ya Wareno. Wafanyakazi wa huko walitolewa Angola, wakaitwa vibarua wa mkataba, lakini mkataba ulikuwa hauishi na kwao hawarudi. Mwandishi Henry Nevinson alifika, akaona, akaandika A Modern Slavery mwaka 1906. William Cadbury alikwishasikia habari hizo tangu mwaka 1901. Alimtuma mtu wake, Joseph Burtt, kwenda kuchunguza, na uchunguzi ukachukua miaka. Kampuni ikaacha kununua kakao hiyo mwaka 1909. Kabla ya hapo gazeti moja la London lilikuwa limewatuhumu Cadbury kwa unafiki. Cadbury wakalishtaki, wakashinda kesi, na wazee wa baraza la mahakama wakawapa fidia ya robo ya peni. Familia ile ilikuwa ya watu wa dini, waliojengea wafanyakazi wao wa Uingereza nyumba nzuri na viwanja vya michezo. Higgs hawapondi wala hawasafishi. Anafuata barua, anafuata meli, na msomaji anaamua.

Sasa kitabu ninachokitamani mimi. Sisi wenyewe Tanzania tunalima kakao. Si hapa Singida, mvua yetu haitoshi hata nusu. Uende Dodoma, Iringa, Mbeya, upande milima ya Tukuyu, kisha ushuke mpaka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kyela mnaijua kwa mchele. Hukohuko, chini ya kivuli cha migomba, ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii. Nyingine inatoka Morogoro, bonde la Kilombero. Majirani wanayo pia: Bundibugyo huko Uganda, na ng'ambo ya mpaka Beni huko Kongo, ambako wakulima wameendelea kuvuna katikati ya vita. Mkulima wa Kyela anapeleka mbegu zake zilizokauka kwenye chama cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, zinauzwa kwa mnada. Mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoharibiwa na hali ya hewa na magonjwa ya miti, bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana.

Nyumba moja ya Kyela mwaka huo ilikuwaje? Nani alipata sare mpya, nani alijenga, nani aliuza mapema akajuta, nani alilala shambani kulinda matunda yasiibwe? Mtoto wa huko alionja chokoleti iliyotokana na mti wa babu yake? Hiyo ni hadithi kubwa kuliko ya Wonka, na nataka niisome kwa Kiswahili, imeandikwa na mtu aliyechafuka mikono kwa ule utomvu mtamu.

Kwa kupata vya kusoma: mwalimu akisafiri Dar es Salaam, apite Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, aulize vitabu vya Dahl. Wenye simu janja waombwe wafungue African Storybook, kuna hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili bila malipo, na wakubwa wazipakue wakiwa kwenye mtandao ili ninyi mzisome baadaye. Charlie tutaanza nacho wenyewe kesho jioni baada ya kufungia kuku, sura mbili kwa siku. Na yeyote mwenye shangazi au kaka aliyeolewa au kuajiriwa upande wa Mbeya amwombe namba ya mtu wa Kyela anayelima kakao, tumpigie Jumamosi. Andaeni maswali kwenye daftari, kila mmoja matatu, na lisikosekane la kwanza: kazi ya kupasua matunda kwenu hufanywa na nani?